Chapati za maji laini: tatizo mara nyingi ni rojo na moto

Chapati za maji hazikandwi wala hazisukumwi, na ndiyo maana watu huzipuuza. Unga unamwagwa kwa kukisia, maji yanafuata yote kwa mkupuo, kikaango kinabandikwa, halafu watoto wanaletewa kitu chenye madonge katikati na kingo zilizokauka. Kosa si la mapishi. Rojo halikupewa muda, au moto ulikuwa mkali.

Kwa watu wanne, chukua vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida (kikombe cha mililita 250, yaani kama gramu 260 za unga), yai 1, sukari vijiko 3 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki 5 zilizomenywa na kutwangwa, na maji ya uvuguvugu kikombe 1 na robo tatu. Kwa kikaango cha sentimita 22 utapata chapati 8 au 9. Beking pauda iache kabisa. Ukiitia zinavimba, zinakuwa nene, na ukitaka kukunja zinakatika. Sukari nayo usizidishe kwa kuwaridhisha watoto, kwa sababu ndiyo inayoungua kwanza: chapati inakuwa nyeusi nje huku ndani bado mbichi. Anayetaka utamu zaidi apake asali mezani.

Madonge hutokana na kumwaga maji yote mara moja. Unga mkavu ukizungukwa na maji mengi, sehemu ya nje inalowa na kujifunga, ya ndani inabaki kavu, na hata ukoroge vipi donge halipasuki. Kwa hiyo changanya kwanza unga, sukari, chumvi na iliki, fanya shimo katikati, vunja yai humo, tia maji robo tatu kikombe tu. Koroga kwa uma au mwiko hadi upate rojo zito linalong'aa, lisilo na donge hata moja. Hapo sasa ongeza maji yaliyobaki kidogo kidogo huku unakoroga. Maji yawe ya uvuguvugu, si ya moto, yasije yakapika yai. Yakikushinda madonge, pitisha rojo kwenye chujio, hakuna aibu.

Funika, acha dakika 30. Unga unaendelea kunywa maji, povu la kukoroga linatulia, na ule ugumu unaotokana na kukoroga sana unalegea. Ukirudi utakuta rojo limekuwa zito kuliko ulivyoliacha. Chota kwa upawa ulimwage kutoka juu: linatakiwa lishuke bila kukatika, uzito wa uji mwepesi wa mtoto. Likishuka kwa mabonge, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Likiwa jepesi mno, usimwage unga mkavu ndani yake, utayarudisha madonge. Koroga vijiko viwili vya unga pembeni na rojo kidogo, kisha uchanganye.

Kikaango kipate moto wa wastani. Wanaotumia jiko la mkaa wasubiri makaa yashike majivu, tena wapunguze mengine. Nyunyiza tone la maji: likirukaruka kisha likakauka, kiko tayari. Paka mafuta kidogo tu, na njia nzuri ni nusu kitunguu kilichochomwa kwenye uma na kuchovywa mafuta. Mafuta yakituama, rojo linateleza juu yake na halishiki vizuri.

Inua kikaango, mwaga upawa mmoja katikati, zungusha upesi rojo lienee, rudisha motoni. Usiiguse. Juu ikipoteza ubichi na kingo zikaanza kunyanyuka zenyewe, dondosha kijiko cha chai cha mafuta pembeni, kisha geuza. Upande wa kwanza huchukua kama dakika moja na nusu, wa pili nusu ya hapo. Ya kwanza ikinata au ikichanika, mara nyingi kikaango hakijapata moto au uliharakisha kugeuza. Mpe mtoto anayezungukazunguka jikoni, uendelee. Ikitoboka vishimo vingi wakati unamwaga, moto umezidi. Na koroga rojo kila kabla ya kuchota, maana unga hushuka chini.

Ukiziacha wazi kwenye sahani zinakauka. Zipange moja juu ya nyingine kwenye chombo chenye mfuniko, ukitandika kitambaa safi chini na juu. Mvuke unazilainisha, na kitambaa kinazuia matone yasizirowanishe.

Kwa ladha ya pwani, kikombe kimoja cha maji kiwe tui la nazi. Punguza moto na mafuta, kwani za tui hushika rangi haraka. Za chumvi ni nzuri kwa maharage: toa sukari na iliki, weka kitunguu, karoti iliyokwaruzwa na pilipili manga. Kitunguu kikatwe kidogo sana, vipande vikubwa vinachana chapati wakati wa kugeuza, tena kitiwe mwishoni kwa sababu kinatoa maji.

Asubuhi za shule, rojo unaweza kulikoroga usiku na kuliweka kwenye friji, hilo la vitunguu likisubiri vitunguu vyake hadi asubuhi. Kama huna friji, pima unga, chumvi na sukari usiku, uvifunike vikiwa vikavu, maji na yai uongeze alfajiri. Rojo lililolala nje kwenye joto huchachuka.