Yaya, mchezo wa filamu wa mwaka 1995 bado unafaa?

SWALI: Jambo yaya. Mjomba amerudi kutoka Brussels na sanduku la mchezo wa kompyuta, Gabriel Knight 2, sidi 6. Ndani ni watu wa kweli waliopigwa filamu, si michoro. Wadogo zangu wanacheka: picha ndogo, imejaa mistari myeusi. Kweli nimalizie umeme wetu wa shida kwa kitu hiki? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mdogo wangu, malizia! Usiache kabla hujafika kwenye bustani ya wanyama ya Munich.

Mistari ile ina sababu. Sidi moja ilibeba megabaiti 650 hivi, na mashine nyingi za kusoma sidi wakati ule zilitoa kilobaiti 300 tu kwa sekunde. Basi video ilichorwa mstari mmoja, wa pili ukaachwa mweusi, ili kompyuta isilemewe. Upande huo umezeeka, sikufichi. Waigizaji nao walirekodiwa mbele ya pazia la bluu, kisha wakabandikwa juu ya picha za mahali. Tazama kando ya nywele zao utaona palipokatwa.

Ila michezo hii mimi naipima kwa kuuliza video inafanya kazi gani. Mingi ya miaka ile ilikupa filamu kama zawadi: fungua fumbo, tazama kipande, rudi kwenye fumbo. The 7th Guest ya 1993 naiweka humo, ingawa iliuzwa sana. Zawadi hiyo imechakaa, maana sinema siku hizi tunatembea nazo mfukoni.

Wa kwako ni tofauti. Gabriel, anayeigizwa na Dean Erickson, anamrekodi kwa siri mtaalamu wa mbwa mwitu pale bustanini. Kisha anakatakata maneno yake kwenye kaseti na kuyaunga upya, mpaka sauti ya yule bwana inamwagiza mfanyakazi amruhusu Gabriel kuwaona wanyama. Maneno unayachagua wewe, kwa hiyo mazungumzo yote ya mwanzo ulipaswa kuyasikiliza kwa sikio la mpelelezi. Ninapenda sana sehemu hiyo! Mtunzi wa michezo Sam Barlow alishika njia iyo hiyo mwaka 2015 katika mchezo wake Her Story: mwigizaji Viva Seifert anahojiwa na polisi, nawe unachambua vipande vya video kutafuta ukweli. Hakuna aliyeuliza mbona picha si safi.

Sasa fanya hivi. Nakili sidi zote mapema, kabla hazijakwaruzika, uchezee kwenye ScummVM, programu ya bure ya kuchezesha michezo ya zamani. Kwenye mipangilio yake unaweza kuizima mistari myeusi. Inakubali hata simu ya Android, basi umeme ukikatika usiku unaendelea. Na wadogo wa shule ya msingi wasikae karibu: mna damu na mambo ya watu wazima.