Green Day walipojificha: majibu ya maswali yenu kuhusu Foxboro Hot Tubs

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu Foxboro Hot Tubs, bendi ya garage rock ambayo Green Day, wale wa punk rock wa Marekani, walijificha nyuma yake, na meseji zikamiminika, sikujua kabisa kama tuko wengi hivi tunaopenda haya magitaa. Nimechagua chache, zile zilizouliza kitu kimoja nimeziunganisha.

Kaka, hiyo Foxboro Hot Tubs ni Green Day kweli au kuna watu wamewaiga tu? (Mwanza)

Ni wao wenyewe ndugu yangu. Billie Joe Armstrong anaimba na kupiga gitaa, Mike Dirnt yuko kwenye besi, Tré Cool kwenye dramu, halafu wapo Jason White wa gitaa na Jason Freese wa kibodi, saksafoni na filimbi, hawa wawili walishazoea kusimama na Green Day jukwaani, na Kevin Preston wa bendi ya Prima Donna. Ilivyokuwa ni hivi, Desemba 2007 zikatokea nyimbo sita kwenye intaneti, bendi ina jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, unazishusha bure na hakuna anayesema ni za nani. Watu wakazishusha, na haikuchukua muda mashabiki wakaanza kuambizana jamani hii sauti si tunaijua hii. Na kweli, sauti ya Billie Joe haifichiki, ana namna yake ya kulitafuna neno puani kabla hajaliachia, kama ulimsikia kwenye albamu ya Green Day ya 1994, Dookie, utamjua hata aimbe nyuma ya ukuta. Halafu lebo yenyewe ikaitwa Jingle Town, na Jingletown ndo jina la studio yao kule Oakland, California. Mwaka 2008 wakakubali wenyewe kwamba ndo wao, na Mei ikatoka albamu kamili, Stop Drop and Roll!!!, nyimbo 12, nusu saa na ushee imeisha. Jina wamelitoa kwenye sehemu yenye mabeseni ya maji moto ambayo zamani walikuwa wanajipenyeza usiku usiku kwenda kujirusha.

Samahani kwa swali la kitoto. Garage rock ni rock ya mafundi gereji? (Tanga)

Si la kitoto hata kidogo, neno lenyewe linatuchanganya kwa sababu kwetu gereji ni kwa fundi, kuna oili chini na gari limepandishwa juu ya mawe. Kwa Marekani garage ni kile chumba cha pembeni ya nyumba gari linapolala. Februari 1964 Beatles walionekana kwenye televisheni ya Marekani, kipindi cha Ed Sullivan, na vijana wa kule wakapagawa, kila mtaa ukawa na bendi, sasa wafanyie wapi mazoezi, baba anatoa gari nje wao wanaingiza dramu. Ila chimbuko lipo hata kabla ya hapo, kina The Sonics wa Tacoma walishakuwa wanapiga kelele zao.

Mimi mtu akitaka kuielewa garage rock kwa wimbo mmoja namwambia asikilize Louie Louie ya The Kingsmen, waliirekodi Portland mwaka 1963. Sikiliza baada ya solo ya gitaa. Mwimbaji anaingia mapema, anagundua kakosea, ananyamaza, na mpiga dramu anaziba lile pengo kwa kupiga mrindimo kama vile walipanga, halafu wanaendelea. Hawakurudia, wameliacha kosa humohumo na dunia nzima imelicheza. Maneno yenyewe hayasikiki vizuri mpaka FBI wakaja kuuchunguza ule wimbo eti una matusi, wakaishia kusema hawaelewi kinachoimbwa. Ndo garage rock hiyo, chord tatu au nne za gitaa, gitaa linalokwaruza, na hakuna anayefuta jasho.

Kwa nini wajifiche wakati wangeweka jina lao wangeuza zaidi? (Nairobi, na wengine watatu)

Hili ndo nililipenda kuliko yote. Angalia walikuwa wapi wakati ule. American Idiot ya Green Day ilitoka Septemba 2004, albamu yenye hadithi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ina wimbo wa dakika tisa, imeuza mamilioni na kuwajaza viwanjani. Sasa baada ya kitu kama hicho unafanya nini? Kila mtu anasubiri kingine kikubwa kama kile au zaidi, na wao walikuwa kweli wanakipika, ndo ikaja kuwa 21st Century Breakdown ya 2009, nyimbo 18. Katikati ya huo mzigo wote watu walewale wakakaa usiku na mashine ya kurekodi ya traki nane wakapiga walichojisikia.

Traki nane ni nini, ngoja nieleze maana watoto wa siku hizi kwenye kompyuta wana traki mia na bado wanalalamika. Ni nafasi nane tu kwenye tepu. Dramu zikila mbili au tatu, besi moja, magitaa mawili, sauti moja, umebakiwa na mbili au moja, ukitaka kuongeza saksafoni na kibodi inabidi ukate shauri sasa hivi, huwezi kusema nitaamua baadaye. Kwa hiyo unapiga kwa kumaanisha. Na ukisikiliza ile albamu utasikia kabisa watu wamekaa chumba kimoja, vyombo vinagusanagusana, hakuna kilichopigwa pasi.

Mimi naamini kabisa jina kubwa lina uzito wake na wao walihitaji kulitua chini kidogo. Ukiitwa Foxboro Hot Tubs hakuna anayesubiri ujumbe kuhusu rais wala vita kama ule wa American Idiot. Na zile nyimbo sita mtu alizipokea kwa sikio lake tu, hakuna bango lililomwambia azipende. Mei 2008 wakaenda kuzipiga kwenye klabu ndogo ndogo, watu waliozoea viwanja wanasimama unawaona mpaka jasho, na inavyoeleweka tiketi hazikukaa.

Halafu haikuwa mara yao ya kwanza. Mwaka 2003 ilitoka bendi inaitwa The Network, wanavaa vinyago, wana majina ya ajabu, muziki wa sinthesaiza na kibodi, na Green Day wakakana kwamba si wao. Ile ilikuwa mwaka mmoja kabla ya American Idiot. Ukiitazama hiyo mistari miwili, The Network halafu American Idiot, Foxboro halafu 21st Century Breakdown, unaona jamaa kabla ya kubeba gunia zito wanapiga kwanza mbio bila viatu.

Ule wimbo wa Alligator si wameuiba kwa The Kinks? (Mombasa)

Gitaa la huo wimbo wa Foxboro linafanana sana na You Really Got Me ya The Kinks, bendi ya Uingereza, ya 1964, hilo sibishi, una masikio mazuri. Ila hiyo albamu nzima imejengwa kwa kuwasalimia wakubwa wa miaka ya 60 na hawakuficha, hata Billie Joe alijiita Reverend Strychnine Twitch, na aliyewasikiliza The Sonics anajua wana wimbo unaoitwa Strychnine. Mimi naichukulia kama msanii wa taarabu anayechukua mahadhi ya zamani anayatia maneno yake, wasikilizaji wote wanajua yametoka wapi na ndo raha yenyewe.

Nianze na wimbo gani? Nina bando dogo. (Morogoro)

Mother Mary. Besi inaanza kutembea na wewe kichwa kinaanza kutikisika kabla hujaamua. Bando likibaki weka Dark Side of Night, iache ya usiku, filimbi ya Jason Freese inapita kwa chini pale ni kama mtu anapiga mluzi barabarani anarudi nyumbani.

Huku kwetu kuna bendi kubwa iliyowahi kurekodi kwa jina lingine? (Dodoma)

Ipo, na watu wameanza kuisahau jambo ambalo linaniuma. Vijana Jazz, bendi iliyoanzishwa 1971 chini ya umoja wa vijana wa TANU, bendi ya heshima zake kabisa, miaka ya 70 walirekodi Nairobi kwa jina la Koka Koka Sex Battalion. Koka Koka ilikuwa mtindo wao. Waulizeni wazee wenu waliokuwa wanakwenda dansi, mkiwapata wenye santuri zake msiache ziliwe na vumbi, zirekodini.

Na mwingine ni mzaliwa wa Zanzibar, Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja 1946. Mwaka 1973, wiki chache kabla ya albamu ya kwanza ya bendi yake ya Queen, ilitoka santuri ya msanii anayeitwa Larry Lurex akiimba I Can Hear Music. Larry Lurex ndo Freddie huyohuyo, na wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, wamo humo ndani. Si garage rock, ila itafute usikie, ile sauti bado haijajulikana na mtu lakini iko vilevile.

Watarudi tena? (Arusha)

2010 Green Day walipiga tena New York kwa jina hilohilo la Foxboro Hot Tubs, na The Network nao walirudi na albamu 2020 baada ya miaka 17. Kwa hiyo dada yangu mimi sijafunga mlango.

Tuna bendi yetu ya watu wanne, hatuna hela ya studio, tunataka sauti kama ile. Tufanyeje? (Kahama)

Mna kila kitu wadogo zangu. Tafuteni chumba chenye godoro, pazia na makochi, msirekodi kwenye chumba kitupu cha saruji maana sauti itapiga ukuta na kurudi mpaka dramu zigeuke mabati. Pigeni wote kwa pamoja, mmoja asirekodiwe peke yake leo mwingine kesho. Simu moja wekeni mbali kidogo, usawa wa kifua, katikati ya dramu na spika ya gitaa, na msiiweke juu ya hiyo spika kwa sababu itatetemeka. Nyingine iwe karibu na mwimbaji. Mkianza pigeni kofi moja kubwa, hilo kofi ndo litawasaidia kuzilinganisha zile rekodi mbili baadaye kwenye programu yoyote ya bure. Gitaa likiwa safi sana pandisheni sauti ya spika mpaka ianze kukoroma yenyewe, hapo mmefika.

Pigeni kila wimbo mara tatu basi, chagueni ile ambayo mlicheka au mlipiga kelele mwishoni, hata kama besi kateleza mahali. Na ongeeni na jirani mapema, mwambieni ni Jumamosi mchana saa nane mpaka kumi, tena mumpelekee soda.