Uliza Ujibiwe: Wasifu wa Mzee Aliyekuwa na Biashara

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Baba amefariki juzi, na ndugu wamenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa kusomwa mazishini. Usizidi dakika 5. Alikuwa fundi wa baiskeli mwenye duka la vipuri kwa zaidi ya miaka 30. Nimeandika "alikuwa mchapakazi, mpole, mcheshi na mtu wa watu", kisha nimekwama. (Binti wa pili)

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada. Maneno hayo manne yanaweza kusomwa kwenye msiba wa mtu yeyote, ndiyo maana hayakupi pa kuendelea. Usiyafute kwanza. Yaandike upande wa kushoto wa karatasi, na mbele ya kila moja weka tendo ambalo mtu alilishuhudia kwa macho yake. Mpole: kijana wa kazi alipovunja kitu, mzee alifanya nini? Mcheshi: alimtania nani, kwa neno gani hasa? Neno litakalokosa tendo ndilo la kufuta.

Matendo hayo huwezi kuyapata yote nyumbani. Familia humjua baba wa jioni na wa siku za mapumziko, ilhali saa zake nyingi zilipita dukani mbele ya watu wengine. Mpigie simu fundi aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote, mteja mmoja wa siku nyingi, na jirani wa duka. Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani", maana watakurudishia mpole na mcheshi. Waulize: akifika asubuhi alianza na nini? Nini kilimuudhi? Baiskeli ikishapona, aliikabidhi vipi? Swali hilo la mwisho linaweza kukuletea jambo kama hili: kabla ya kupokea pesa aliinua gurudumu, akalizungusha kwa kidole, akainamisha sikio kusikiliza kama linagusa breki, likigusa, aliketi tena na spana yake. Hapo mchapakazi wako ameonekana bila kutajwa.

Sasa urefu. Msomaji asiyeharakisha, akiwa mbele ya watu, hutoa maneno kama 100 kwa dakika. Dakika 5 ni maneno 500, lakini andika 450, kwa sababu kuna kukohoa, kunyamaza na kufuta machozi. Kwa herufi za ukubwa wa 16 na nafasi ya mstari mmoja na nusu, hizo ni kurasa mbili hivi za A4. Chapisha upande mmoja tu wa karatasi, weka namba za kurasa, na usikate sentensi katikati ya ukurasa mmoja na mwingine. Msomaji mwenye huzuni akigeuza karatasi katikati ya sentensi hupotea.

Wasifu mwingi huharibikia sehemu mbili. Ya kwanza ni shule na vyeti, vinavyosomwa kama barua ya kuomba kazi. Sentensi mbili zinatosha. Ya pili ni ugonjwa: alipelekwa huku, akahamishiwa kule, akafanyiwa hiki. Waliouguza wanatamani kusimulia kwa sababu bado wamo ndani yake, lakini kila sentensi ya wodini inakula nafasi ya maisha yake. Sema aliugua kwa muda gani, nani alimuuguza, basi. Jina la ugonjwa litajwe tu kama mama na ndugu wamekubali.

SWALI: Kitambulisho cha marehemu kina mwaka mmoja wa kuzaliwa, shangazi anashikilia mwingine, na bango la duka lina mwaka wa tatu ambao hatujui ni wa nini. Tuandike upi?

JIBU: Kwa kuzaliwa, fuateni mwaka ulio kwenye nyaraka zake, kwa sababu tangazo na wasifu vikipishana na nyaraka mtaulizwa baadaye kwenye shughuli za mirathi. Shangazi aelezwe mapema. Asisikie kwa mara ya kwanza mazishini. Mkiona ana hoja, semeni "alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950", au muongo wowote unaohusika, na hakuna atakayeumia.

Mwaka wa bango huenda ni wa kusajiliwa kwa biashara. Biashara nyingi huanza kwenye kibaraza kabla ya kupata leseni, kwa hiyo leseni huonyesha siku serikali ilipoijua, na mwanzo wake unaweza kuwa wa zamani zaidi. Tafuteni risiti ya kwanza ya jumla, mkataba wa pango, au daftari la zamani kuliko yote.

SWALI: Tunataka kusema kwenye wasifu kwamba baba aliwasamehe wengi madeni, na kwamba kaka mkubwa ataendeleza duka. Mama mdogo anasema tunajitafutia balaa. Je, ni kweli?

JIBU: Mama mdogo ana haki. Sentensi "aliwasamehe wadaiwa wake" ni sifa mdomoni mwa mtoto, lakini masikioni mwa mdaiwa ni tamko kwamba deni limefutwa. Madeni anayodai marehemu ni sehemu ya mali yake, na aliyesimama kusoma wasifu hana mamlaka ya kuyafuta. Kama kweli alikuwa na huruma kwenye kukopesha, elezeni tendo la zamani lililokwisha, bila jina la mtu. Daftari la madeni lifungiwe mahali salama siku ileile. Kila ukurasa upigwe picha kabla mtu hajaanza kulitumia, pamoja na ile iliyoandikwa kwa penseli na ile yenye mistari ya kukata; mstari wa kukata ndio ushahidi kwamba fulani alishalipa.

Vivyo hivyo kwa kaka. Kumtangaza kabla warithi hawajakaa pamoja humfanya aonekane amejitwalia, hata kama wote wangemchagua. Wasifu unaweza kusema biashara ilianza na nini, ilikua vipi, iliajiri nani. Habari za kesho yake ziende kwenye karatasi nyingine, ile ya kubandika mlangoni: duka limefungwa hadi tarehe fulani, mwenye kifaa chake ndani au aliyekwishalipia kazi awasiliane na nani kwa namba ipi. Andikeni namba ya mtu aliye hai, si ya marehemu. Msicheke, husahaulika.

SWALI: Marehemu alikuwa na watoto wa mke wa kwanza, na wengine hawajulikani kwa ndugu wote. Majina yasomwe vipi?

JIBU: Kama wanatambulika kuwa watoto wake, wasomwe wote kwa mfuatano wa kuzaliwa, bila kueleza nani ni wa mama yupi. Kwenye shaka, taja idadi ambayo wazee wameikubali na uache majina. Orodha ipitiwe na watu wawili wa pande tofauti za familia, usiku wa kuamkia mazishi. Jina moja lililorukwa hukumbukwa kwa miaka, na aliyeandika ndiye atakayeulizwa.

Tangazo la mtandaoni ni jambo jingine kabisa. Humo msiweke tarehe kamili ya kuzaliwa, jina la mama yake mzazi wala namba ya nyumba. Matapeli hutumia habari hizo kujifanya marehemu, na wezi hujua nyumba itabaki tupu saa ngapi.

SWALI: Picha pekee nzuri ya baba ni ya pasipoti, ndogo. Tukiikuza inatoka na viboksi. Pia nina ujumbe wa sauti yake kwenye WhatsApp, sitaki upotee.

JIBU: Tatizo liko kwenye kuskani. Picha ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi huzaa pikseli kama 413 kwa 531. Ukiitandaza kwenye A4, kila inchi inapata nukta 50 tu, ndivyo viboksi hivyo. Mwambie mwenye skana aweke nukta 1200. Utapata pikseli 1,650 hivi kwa upana, ambazo A4 inazibeba vizuri. Usivuke A4. Kama picha imeganda kwenye kioo cha fremu, usiibandue, itachubuka. Ipige kwa simu ikiwa palepale, karibu na dirisha, bila flashi, na kitambaa cheusi nyuma ya simu ili kioo kisirudishe mwanga. Kisha tuma faili kama hati. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huipunguza ubora.

Sauti: shikilia ujumbe, bonyeza kushiriki, jitumie kwa barua pepe, na mnakilie ndugu mwingine anayeishi nyumba nyingine. Faili lipe jina lenye tarehe na kinachosemwa, la sivyo baada ya mwaka hutajua ni lipi. Fanya hivyo kabla ya kugusa simu ya marehemu au kuhamisha laini yake. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini iliyoachwa kimya kwa muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine.

SWALI: Nani asome? Naogopa nitalia.

JIBU: Soma mwenyewe ukitaka, kulia si kosa. Ila nakala ya pili awe nayo mtu wa kusimama kando yako, anayejua kupokea pale ulipoishia, na awe ameusoma wasifu wote kwa sauti angalau mara moja jana yake.