Maswali ya wasomaji: Baridi ndo iliwafanya wa kaskazini wawe wema?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mdogo wangu anasoma historia, kaniuliza kitu nikakwama. Anasema Marekani enzi za ukoloni wa Mwingereza, kusini kulikuwa na mashamba makubwa na watumwa kibao, kaskazini hakuna, na sababu ni hali ya hewa tu. Sasa mi najiuliza, yani baridi ndo iliwafanya wa kaskazini wawe watu wema?
Msomaji wa Ifakara

JIBU: Ndugu yangu, hapo kwenye wema nimecheka sana, ila swali lako ni zito, na bahati nzuri umeuliza ukiwa Ifakara maana mpunga na mbu huhitaji kuelezewa.

Kaskazini tupite haraka. Massachusetts na majirani zake ardhi imejaa mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, na msimu wa kulima ni mfupi, ukichelewa kupanda baridi inakukutia mazao shambani. Kwa hiyo watu wengi wakalima vishamba vya chakula cha nyumbani, mahindi, maharage, maboga, na hela wakaifuata baharini na msituni: mbao, milingoti, kuunda meli, na samaki wa maji baridi waliopasuliwa wakatiwa chumvi wakakaushwa kama ng'onda zetu. (Wafanyabiashara wa mji mmoja wa huko, Salem, ndo hao karne ya 19, nchi ikiwa imeshajitawala, walikuwa wanashusha vitambaa vya merikani Zanzibar.)

Sasa wema uko wapi? Massachusetts ilishauweka utumwa kwenye sheria zake mwaka 1641, kabla ya makoloni mengine yote ya Waingereza huko. Wale samaki wabovu wabovu waliuzwa visiwa vya Karibea kulisha watumwa wa mashamba ya miwa, na meli za Newport, Rhode Island, zilikuwa zinaenda Afrika Magharibi kubeba watu. Baridi iliwanyima mashamba makubwa, basi.

Njoo kusini, Carolina, mji wa Charleston ulianza 1670. Joto, mvua, vinamasi, na mito ambayo bahari ikijaa maji yake yanasukumwa kurudi juu. Kuanzia miaka ya 1690 mpunga ukashika kasi, na Waingereza kwao mpunga haulimwi, ila wengi kati ya mateka waliowaleta walitoka pwani za Senegal, Gambia na Sierra Leone ambako mpunga ni kazi ya mababu, ndo maana ukobolewaji ulikuwa wa kinu na mchi na kupeta kwa ungo. Baadaye wakajenga matuta na milango ya mbao, maji yakijaa unafungua yanaingia shambani, yakipwa unayaachia yatoke, na matuta hayo, maili kwa maili, yalichimbwa kwa mikono ya watumwa waliosimama kwenye tope.

Tope hilo hilo lilizaa mbu. Malaria ilifika huko na wageni, kutoka Ulaya na Afrika, ikapata makao. Waafrika wengi walikuwa na kinga kiasi ya kurithi kwenye damu, ingawa walikufa pia, tena sana, na matajiri miezi ya joto walikimbilia mjini au ufukweni wakaacha shamba kwa wanyapara. Kazi ikapimwa kwa ngwe, kawaida robo eka kwa mtu kwa siku, ukimaliza muda uliobaki ni wako, unalima kibustani chako. Kufika 1708 weusi walishakuwa wengi kuliko wazungu South Carolina, na kwa kukaa wenyewe wenyewe hivyo wakapata lugha yao, Gullah, inayosemwa mpaka leo.

Ila hapo kwenye "hali ya hewa tu" mwambie dogo aangalie Georgia. Iko ng'ambo tu ya mto Savannah ukitokea South Carolina, joto lile lile, vinamasi vile vile, ikaanzishwa 1733, na mwaka 1735 wasimamizi wake wakapiga marufuku utumwa. Walowezi wakawa wanawaona majirani wanatajirika na mpunga, roho zikawauma, wakalalamika miaka na miaka, wakaandika barua mpaka London, na 1751 marufuku ikaondolewa. Yani hali ya hewa ilikuwa ile ile muda wote, kilichobadilika ni uamuzi wa watu.