Re: Nifute -webkit- na -moz- zote kwenye CSS ya zamani?

Waalaykum salaam ndugu yangu, umeuliza kuhusu hiyo saiti ya geshti ya Jambiani uliyokabidhiwa, ufute prefiksi zote, yaani vile vialama kama -webkit- na -moz- vinavyotangulia jina la amri ya CSS (lugha ya kupambia kurasa za wavuti), au uziache. Nyingi futa tu bila khofu. Prefiksi za border-radius (pembe za mviringo), box-shadow (kivuli) na transition (mabadiliko ya taratibu), zile ni za wakati ule kila brauza ikijaribu kitu kabla hakijakamilika kwenye kiwango rasmi cha CSS basi inakipa alama yake, Firefox -moz-, Safari na Chrome -webkit-, IE -ms-, Opera -o-, na watengeneza saiti wakawa wanaandika -webkit- peke yake kwa ajili ya iPhone, brauza nyengine saiti zikawa zinawaharibikia, mpaka Opera 2012 ikaanza kuzisoma -webkit- na Firefox ikafuata kwenye toleo la 49 mwaka 2016. Hili mie linaniuma khasa, ukurasa unatakiwa usomeke na kila mtu na simu yake aliyonayo. Chrome toka 2013 walishasema hawaongezi prefiksi mpya, kitu cha majaribio kinafungiwa mpaka mwenyewe ukiwashe kwenye setingi.

Ila -webkit-line-clamp (ya kukata maandishi baada ya mistari kadhaa) usiiguse, bado inaandikwa hivohivo. user-select (ya kuruhusu au kuzuia mtu kuchagua maandishi) kwenye Safari nayo bado inataka -webkit-. backdrop-filter (ya kutia ukungu kilicho nyuma ya kitu) Safari wameiachia bila prefiksi toleo la 18 tu, 2024, na wageni wenye iPhone za zamani wapo wengi, kwa hiyo weka zote mbili, yenye prefiksi juu, ya kawaida chini yake. Au tia Autoprefixer, programu ya kuweka prefiksi yenyewe, ukishaiambia brauza unazozitaka inakuongezea zinazohitajika peke yake.