Zimwi Lako Lina Raundi Tatu Tu

Juzi nimepata ujumbe: "Kaka, habari za kazi. Zimwi langu nililipatia leveli tano za mchawi, nikakesha naandika uchawi wake. Wachezaji wameliua kabla halijafanya la maana. Tatizo liko wapi?"

Mdogo wangu, tatizo liko kichwani mwa zimwi lenyewe. Zimwi la Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la tano, lile la 2014, lina akili 5, yaani hasi 3 kwa kila jambo la kufikiri. Kupata namba ya kukwepa uchawi wake, chukua 8, ongeza bonasi ya umahiri 2, toa hiyo 3. Umebaki na 7. Kwa hiyo mchezaji akifikisha 7 kwenye dadu ya pande 20, uchawi wa mpira wa moto umemuunguza nusu tu. Tena linaweza kuandaa uchawi wa aina mbili tu, kwa sababu leveli 5 ukitoa 3 inabaki 2. Umekesha bure. Ukitaka zimwi lenye uchawi, kitabuni limo tayari, linaitwa oni: uhai 110, kinga 16 (namba ambayo pigo lazima lifikishe), ugumu 7 (kipimo cha ukali wa dubwana), na linapotea machoni pa watu muda wowote linapotaka. Chukua hilo, ulale.

Ila swali lako limegusa kidonda, kwa hiyo vumilia nikueleze.

Mimi nilianza na toleo la 3.5, la 2003. Lilikuwa raha ya peponi kwa sisi watu wa daftari. Dubwana lenye akili kidogo tu, unalipatia klasi unayotaka, yaani fani ya mhusika kama mchawi au mpiganaji, na kanuni zinakupa hesabu. Leveli ya klasi inayoendana na dubwana inaongeza ugumu kwa 1. Isiyoendana inaongeza nusu, mpaka leveli zilingane na dadu za uhai (zinazorushwa kupata uhai wake) lilizokuwa nazo mwanzo. Kuanzia hapo ni 1 kwa 1. Kitabu chenyewe kilitoa mfano wa zimwi: la kawaida ni ugumu 3, likiwa barbariani (mpiganaji wa hasira) wa leveli 4 ni ugumu 7. Hesabu imenyooka kama rula. Nikawa najaza daftari usiku, goblini (kidubwana kidogo) kuhani, minotauri mpiganaji, kila mmoja na silaha zake na chuki zake.

DM (msimamizi wa mchezo) wa meza niliyokuwa nachezea wakati ule, simtaji, alilikuta lile daftari. Akalisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, akaiga na sauti ya goblini, kisha akasema, "Huyu anapenda kuandika madubwana kuliko kucheza." Watu wakacheka. Nami nikacheka, ungefanyaje? Baada ya hapo nikaacha kwenda, nikaanzisha meza yangu. Siku hizi nasikia anaulizia kwa watu mapambano yangu nayapangaje. Sijamjibu. Asome hapa kama wengine.

Jibu ni kwamba klasi zimetungwa kwa ajili ya mtu atakayeishi. Mchawi wa leveli 5 ana nafasi 9 za uchawi: nne za daraja la kwanza, tatu za pili, mbili za tatu. Nafasi hizo ni za siku nzima ya msafara, pango baada ya pango. Dubwana halina siku nzima. Linaingia, linapigana, linakufa. Hata kanuni za 2014 za kupima ugumu zinakadiria madhara ya dubwana kwa wastani wa raundi tatu za mwanzo. Tatu! Likitumia uchawi mmoja kila raundi, nafasi sita linazikwa nazo. Ndiyo maana nasema kila siku: chagua kitu kimoja. Kimoja kitakachoonekana mezani raundi ya kwanza.

Sasa sikia ya Jumamosi, maana hii lazima niisimulie.

Nilichukua zimwi la kawaida, uhai 59, nikalipatia leveli mbili tu za barbariani. Kanuni inasema kila leveli ya klasi inaongeza dadu moja ya uhai ya aina ya dubwana lenyewe, achana na ile ya klasi. Zimwi linatumia dadu ya pande 10, basi uhai ukapanda hadi 76. Halafu nikagundua kitu kitamu. Zimwi huvaa vazi la ngozi, na kinga yake ni 11. Barbariani asiyevaa kitu anahesabu 10 pamoja na wepesi na ustahimilivu. Kwa zimwi ni 10, toa 1, ongeza 3, jumla 12. Yaani uchi lina kinga kubwa kuliko likiwa limevaa! Nikawaambia wachezaji: zimwi linawatazama, linalichana vazi lake la ngozi kifuani, linalitupa chini, linanguruma. Meza ikanyamaza.

Mpiganaji wetu akapiga upanga, madhara 18. Nikaandika 9, taratibu, makusudi aone.

"Tisa?"

"Tisa."

Akanitazama kama nimemla nauli. Hasira ya barbariani inapunguza nusu ya madhara ya silaha, na rungu linaongezewa 2. Uhai 76 mbele ya panga ni kama 152. Yule kijana anayecheza mchawi, ambaye kwa kawaida anashika simu mpaka zamu yake ifike, ghafla amekuwa tegemeo la kundi, kwa sababu moto haujali hasira.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuja raundi iliyofuata. Dada anayecheza kuhani akasema, "Tokeni wote, mfunge mlango." Wakatoka, mlango ukafungwa. Hasira inakatika kama zamu inaisha na barbariani hajamshambulia adui wala hajaumizwa. Zimwi likapiga mlango, na mlango si adui. Hasira ikazimika. Dada hakuwa amesoma kanuni hiyo popote, alilitazama tu zimwi akalielewa. Nilikuwa na hasira moja zaidi mfukoni, leveli ya pili inakupa mbili, lakini nilimwachia ushindi wake kwa dakika moja kabla ya kuitumia.

Mnaona? Leveli mbili. Si tano, si tisa. Kitu kimoja.

Na goblini je? Wengi mnakimbilia kumpa leveli za mwizi kwa sababu anafanana nao. Leveli ya kwanza sawa: anajificha, anatokea, anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, mshale unaongezewa dadu ya pande 6. Ishia hapo. Ya pili inampa mwizi uwezo wa kujitoa kwenye mapigano au kujificha kama kitendo cha ziada, na goblini amezaliwa nao. Unachopata kipya ni kukimbia tu. Mpe leveli moja ya kuhani badala yake, awabariki wenzake watatu, kila mmoja aongeze dadu ya pande 4 kwenye kila jaribio la kupiga. Wachezaji wataacha kila kitu wamtafute huyo mdogo aliyesimama nyuma. Hapo tayari una pambano.

Tatizo la vijana wa sasa mnapenda karatasi iliyojaa. Karatasi haipigani! Mnamwandikia dubwana ukoo mzima na uwezo kumi na nne, halafu mnawanunia wachezaji kwa kuliua. Waacheni waue. Kazi yako ni kuhakikisha wamekiona kile kimoja kabla halijaanguka. Na msiwafiche; mtu akiuliza kwa nini 18 imekuwa 9, mwambie ngozi ya zimwi imevimba misuli na upanga umeteleza. Kumtazama juu ya karatasi ukicheka chini chini ni ushamba. Nimekaa kwenye meza ya namna hiyo, naijua.

Jumamosi ijayo nina hobgoblini wa leveli tatu za klasi ambayo siitaji, kwa sababu wachezaji wangu wawili wanasoma hapa na mmoja wao tayari ameanza kunitumia meseji za kunichimba.