Maswali ya Wasomaji: Stroberi Zinazozaa kwa Muda Mrefu

SWALI: Ninaishi Buhigwe, mkoani Kigoma, na nyuma ya nyumba nina matuta ya stroberi ambayo huzaa vizuri kuanzia Juni hadi Agosti, kisha mavuno hukatika karibu kabisa. Muuza miche ameniambia kwamba ziko aina zinazozaa mwaka mzima, lakini bei yake ni mara mbili ya miche ya kawaida. Je, niing'oe mimea niliyo nayo? Na ni kweli kwamba nikipanda aina hizo nitavuna bila kukoma?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiing'oe mimea yako. Aina ulizoelezwa zipo kweli, lakini sifa zake zilipatikana katika nchi zilizo mbali na ikweta, na sehemu kubwa ya faida inayosifiwa huko wewe unayo tayari kwa sababu ya mahali unapoishi.

Stroberi za kawaida hutunga maua wakati mchana ni mfupi na hewa ina ubaridi kiasi. Kaskazini mwa Ulaya, ambako mchana wa majira ya joto hufikia saa 16 na zaidi, mmea hutunga maua majani ya miti yanapoanza kupukutika, hulala wakati wa baridi kali, kisha huzaa kwa wiki chache tu mwaka unaofuata. Ndiyo maana wakulima wa huko walihangaika kutafuta mimea inayozaa zaidi ya mara moja. Mwaka 1898 Samuel Cooper, mkulima wa jimbo la New York nchini Marekani, alikuta shambani mwake mmea ulioendelea kuzaa baada ya mingine kunyamaza, nao ukapewa jina la Pan American. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1955, Royce Bringhurst wa Chuo Kikuu cha California alipochukua stroberi mwitu kutoka milima ya Wasatch, katika jimbo la Utah, akaizalisha na stroberi za shambani hadi zikapatikana aina ambazo haziungoji mchana mfupi. Selva, Seascape na Albion ni za ukoo huo.

Sasa tazama hali ya kwetu. Buhigwe iko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote ni takriban nusu saa tu. Kwa stroberi hiyo ni kama kuwa na mchana mfupi mwaka mzima, na hata aina ya kawaida kama Chandler inaweza kutoa maua mwezi wowote ikiwa hali nyingine zinairuhusu. Kwa hiyo kinachokata mavuno yako baada ya Agosti ni joto la Septemba na Oktoba, na baadaye mvua. Aina ya mche ina sehemu ndogo katika jambo hilo. Tena joto haliziachi hata aina za kuzaa mfululizo: likizidi nyuzijoto 28 hivi, nazo hupunguza maua, na penye mchana wa saa 12 kama kwetu hupunguza zaidi kuliko zinavyofanya huko zilikotoka.

Ushauri wangu ni kwamba ununue miche michache tu, uipande kando ya ile ya zamani na uitunze sawasawa, ili mwisho wa msimu uone mwenyewe kama bei ile inalipa. Mdai muuzaji akutajie jina la aina. Asipolijua, usimlipe bei ya juu, kwa kuwa mche mchanga wa Selva na mche mchanga wa aina ya kawaida havitofautiki kirahisi kwa macho. Usikubali pia kuuziwa mbegu zilizotolewa kwenye tunda, kwa sababu mmea unaotokana na mbegu haufanani na mama yake, na sifa ya kuzaa mfululizo inaweza kupotea papo hapo.

Muda wa mavuno utaurefusha zaidi kwa matunzo. Panda mwishoni mwa masika, Machi au Aprili, kwenye matuta yaliyoinuka sentimita 20 hivi, mche na mche vikiachana sentimita 30, na uangalie sana kitovu cha mmea, yaani pale majani yanapochipukia, kisifukiwe na udongo, maana kikifukiwa huoza. Ondoa maua yote ya wiki nne hadi sita za mwanzo. Najua inauma kuyakata, lakini mmea unaozalishwa ungali mchanga huchoka mapema, na hasa hizi aina za kuzaa mfululizo, ambazo hazina muda wa kupumzika. Kata pia vile vitawi vitambaavyo vinavyotafuta pa kuotesha mizizi, isipokuwa vichache utakavyoviacha vikupatie miche mipya, kwa sababu kila kitawi hula chakula ambacho kingekwenda kwenye tunda.

Kiangazi kinapoanza, mwagilia kiasi cha lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, ukizigawa mara mbili au tatu, na utandaze nyasi kavu au maganda ya mpunga ili udongo ubaki na ubaridi na tunda lisiguse ardhi. Ifikapo Septemba weka kivuli chepesi cha neti au makuti upande wa magharibi, kwani jua la alasiri ndilo linalofunga maua; jua la asubuhi liache lipite. Mbolea iwe samadi iliyooza vizuri, na ya kukuzia iwe kidogo kidogo, kwa sababu ikizidi utavuna majani na matunda laini yasiyofika sokoni. Mvua zikianza, paa la nailoni lililo wazi pande zote litayakinga matunda na ukungu wa kijivu, ambao huozesha tunda zima kwa siku chache. Hapo ndipo utaona mavuno ya Novemba ambayo leo huyapati.

SWALI: Mimi niko Tabora mjini. Je, nami naweza kupata mavuno marefu kama wenzangu wa milimani?

JIBU: Ndugu yangu, kwa Tabora lenga miezi ya Mei hadi Agosti na uitumie vizuri, kwa kuwa mji wako uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na joto la Septemba na Oktoba ni kali kwa stroberi ya aina yoyote. Panda Machi ili mmea uwe umekomaa baridi inapoingia, chuma kila baada ya siku mbili, asubuhi, tunda likiwa jekundu kote, maana stroberi haiongezi utamu baada ya kuchumwa. Oktoba iendeshe mimea kwa maji na kivuli bila kuitarajia izae, na baada ya misimu miwili uibadilishe kwa miche uliyoiotesha mwenyewe, katika tuta ambalo halikupandwa nyanya, bilinganya wala viazi mviringo, kwa sababu mazao hayo huacha udongoni ugonjwa wa mnyauko unaoishambulia pia stroberi.